Mafuta Mekundu ya Jean

Mimi Clotilde sipendi habari za wafu wanaorudi. Nimezaliwa katika kambi ya reli hapa Kamina, nimesikia treni zikilia tangu tumboni mwa mama, na kila kelele nimezoea kuuliza: hicho ni chuma gani? Kwa hiyo jirani yangu Mwadi, mama yake Gloire, aliponiambia kwamba mume wake tuliyemzika yuko ndani ya gari, nilimjibu ovyo.

"Aa, Mama Gloire! Jean iko kule kwa makaburi. Mule mwa motokari muko viti tu."

Hakucheka. Aliniambia nije nijionee mwenyewe.

Gari lenyewe ni Toyota ya zamani yenye buati otomatiki, ile gia inayojibadilisha yenyewe. Jean, fundi wa depo ya reli, alilipenda kuliko shati lake la kanisani. Alipofariki, familia ilifuata desturi: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka kilio kiondolewe, matanga yaishe. Basi gari likakaa uani pale pale alipoliacha, masika yote na kiangazi kizima, vumbi juu, kuku chini. Siku ya kuondoa kilio, Christophe, mdogo wake Jean, naye mtu wa depo, alitia betri mpya, akawasha, akavuta mkono wa gia. Moteri iliunguruma lakini gari halikusogea. Tukangoja. Mara likaruka mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni, likasimama tena.

Christophe alizima, akaacha lipoe, ndipo akavuta ule ufito wa kupimia mafuta ya buati. Depo wanafanya hivyo: mashine inyamaze kwanza, ilale, halafu upime. Ufito ulitoka umelowa mpaka kwenye alama, akatuonyesha sote.

"Mafuta iko. Betri iko mupya," alisema. Kisha akamgeukia Mwadi, shemeji yake. "Mulamu, minyi sina mingi ya kusema. Yaya njo anakataa. Na weye unajua juu ya nini anakataa."

Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa; alimaanisha Jean. Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kofi pale pale, mbele ya watu wa kanisa. Maana sababu yenyewe kambi nzima iliijua. Jean alikuwa anaumwa kichwa, presha imepanda, akamwomba mke wake asiende Kinkondja, kule ziwani, kununua samaki juma lile. Mwadi akaenda. Aliporudi na magunia yake alikuta watu wameketi chini uani, kilio kimeanza. Hakumshika mkono, hakumfumba macho.

Tangu siku ile Mwadi akawa mtu wa gari. Asubuhi anakaa kwenye usukani, anawasha, anavuta mkono wa gia, gari linakataa. Anaongea nalo! Mimi nafua nguo upande wangu wa ua, namsikia: "Jean, nilikosea. Jean, sema basi." Gari linakaa kimya, halafu linashtuka, na yeye analia. Ilinikera sana. Nilimwambia ataiua moteri bure. Lakini siwezi kudanganya: asubuhi ile aliponiita nijionee, nilisimama karibu na dirisha la gari, akalitaja jina la Jean, na gari likashtuka wakati ule ule. Nywele zilinisimama. Nilikimbilia kwangu nikaacha nguo zikilowa kwenye beseni.

Na nguo hizo hizo ndizo zilizonifungua akili. Nilikuwa nazianika, nasonya, nikakumbuka jinsi Jean alivyokuwa akiniudhi kila Jumamosi. Akipima mafuta yake, moshi wote wa gari ulikuja kwenye kamba yangu, mashuka yakanuka. Tulishagombana mara nyingi kwa ajili hiyo. Nikatupa vibanio chini. Moshi! Sasa moshi unatoka wapi kama moteri imezimwa?

Nilipomwambia Mwadi alinikodolea macho.

"Usizime," alisema polepole. "Alikuwaka anasema: Mwadi, usizime. Minyi njo nilikuwaka kwa kiti, nakanyaga freni. Anasema peleka nyuma, leta katikati, peleka mbele, rudisha. Halafu anapima."

"Basi fanya vile."

Tuliacha moteri ipate moto vizuri. Alipeleka mkono wa gia nyuma, katikati, mbele, akaurudisha pa kuegesha, kisha akashuka huku gari likinguruma. Alivuta ufito, akaufuta kwa kitambaa, akauchovya na kuuvuta tena. Ulikuwa mkavu. Kwenye ncha tu palikuwa na tone jeusi, linanuka kama maharagwe yaliyoungua chini ya sufuria. Kumbe Christophe alipima mafuta yaliyoshuka yote chini moteri ilipolala. Ikiamka na kuyavuta juu, hayatoshi.

Nilipiga vigelegele. Mwadi alikuwa anaufuta ule ufito tena na tena.

"Yaya Clotilde, kama iko mafuta tu, basi..." Akajifuta macho. Mimi nikadhani ni furaha.

Alitafuta debe tupu la mafuta ya Jean, akaenda nalo sokoni ili wampe ya aina ile ile. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akainua gari, akalala kwenye mkeka wa Jean akafungua kifuniko cha chini. Udongo pale ulikuwa mweusi. Kipete cha kifuniko kilikuwa kimekakamaa, na tone kwa tone mafuta yalivuja muda wote tulipokuwa tumekatazwa kuligusa gari. Yaliyobaki yakamwagika kwenye beseni, meusi. Akafunga kwa kipete kipya, akashusha gari, akamimina mafuta mapya kwa chupa iliyokatwa, mekundu kama mawese. Akawasha, akapima, akaongeza kidogo, akapima tena, mpaka alama.

Halafu akapanda, akavuta mkono wa gia. Gari lilikwenda hapo hapo, taratibu, mpaka kwenye geti.

Nilimfuata nikipiga makofi. Nilimkuta ameinamia usukani.

"Eh mama, sasa unalilia nini? Haiko anakukasirikia!"

"Yaya, wakati anakasirika, alikuwa iko," alisema. "Sasa minyi nitaomba nani anisamehe?"

Mimi na mdomo wangu huu mkubwa, nilifungua mlango wa pili nikakaa kando yake.

Siku hizi anabebea samaki wake kwa gari lile kutoka stesheni mpaka soko. Christophe anapita, anaangalia pembeni. Juzi nilimkumbusha Mwadi kwamba buati haitoi mafuta yote kwa mara moja. Sehemu kubwa hubaki ndani, ndiyo maana Jean alikuwa anatembea na gari siku kadhaa kisha anamwaga tena.

"Lini tunamwanga mara ya pili?" nilimuuliza.

"Hapana. Ile yenye ilibakia mule ndani, Jean njo alitiaka na mikono yake."

Nilifungua mdomo nimwambie mafuta machafu yataharibu na yale mapya. Nikaufunga, nikamsaidia kupakia magunia. Alipanda, akawasha, akavuta mkono wa gia. Gari lilitaka kwenda mara moja. Yeye alikanyaga freni, akangoja kwanza, kama siku zile alipongoja Jean aseme.