Karatasi Mbili kwa Mpigo

Kaka yangu tulimwita Gundi. Maisha yake yote alijalidi vitabu katika karakana nyuma ya kiwanda cha uchapaji, na kila jioni alirudi na gundi kwenye kucha na kitabu kwapani. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuambia subiri nimalize ukurasa.

Kisha maradhi ya kutetemeka yakamshika. Mikono haikutulia tena, macho yakawa yanapoteza mstari. Daktari hakuzunguka: haya hayaponi, yatazidi, na sauti nayo itafifia. Tangu hapo Gundi alitaka kitu kimoja tu, kuagana na mkewe angali anaweza kutamka. Lakini kila akianza, wifi yangu anakumbuka chungu jikoni. "Hufi wewe," anamwambia. "Kunywa dawa." Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia wazi: wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Alininunia wiki nzima.

Badala ya kuongea na mumewe, wifi akawa anamsomea kitabu. Kilikuwa kisa cha mchimba visima na mkewe. Mchimba visima alipougua, wifi akaanza kusoma mbio mbio, mara akafunga kitabu. "Akapona. Basi, kimeisha." Gundi akaguna tu.

Sauti ya wifi ilipochoka, nikasema niende maktaba, nimesikia wana vitabu vya kusikiliza. Gundi akakataa. "Hivyo ni vya wasioona. Mimi naona." Nikaenda hivyo hivyo, kwani nani aliwahi kunizuia?

"Si vya wasioona peke yao, dada," mkutubi aliniambia. "Ambaye ugonjwa umemzuia kushika kitabu au kufuata mstari, naye ni wetu. Daktari wake athibitishe tu."

"Na malipo?"

"Hakuna. Hata chombo cha kusikilizia tunamwazima."

Mie niliyelelewa kwa msemo wa rahisi ni ghali, nilitafuta mtego njia nzima na sikuuona.

Chombo kilikuwa na vitufe vikubwa kama vifungo vya koti, hata mkono wa Gundi haukuvikosa. Nilipomuuliza aanze na kitabu gani, akataja kile cha mchimba visima.

"Si tulishakimaliza?" wifi akadakia. "Chagua kingine, mume wangu."

"Hicho hicho."

Tukakaa watatu sebuleni. Msomaji alikuwa mzee mmoja asiye na haraka, haachi neno. Mchimba visima hakupona. Alimwita mkewe, akamshukuru, akamwambia asiuze kamba ya kisima, akafa asubuhi. Wifi alikuwa ameuficha uso kwenye viganja. Siku hiyo sikuwa na la kumtania, nilimhurumia.

"Nisamehe," akasema. "Niliruka."

"Nilijua," Gundi akasema polepole. "Nimeshika karatasi tangu ujana. Mbili zikigeuzwa kwa mpigo, mlio wake si wa moja."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliona unaogopa. Na mimi naogopa, mke wangu."

Kidole chake kikahangaika juu ya kitufe, kikabonyeza. Chombo kikanyamaza.

"Sasa nisikilize mimi," akasema. "Na usiruke."

Wifi akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Mimi nikainuka, nikaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwepo.