Barua Ambamo Hakutaka Mkewe Atajwe

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba rafiki yangu wa mtaa wa Ipagala, muuza mafuta ya alizeti ambaye wengi wenu mmenunua madumu kwake, ameanguka msikitini baada ya swala ya alfajiri na hakuamka tena. Alasiri tulimzika kijijini kwao Kolo, upepo ukipeperusha kanzu zetu. Mkewe, ambaye kwa miaka yeye ndiye tuliyekuwa tukimwombea uzima, ndiye aliyebaki. Hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia iwe hivyo.

Nyumba yao waliijenga kwa mkopo wa benki, na mume aliulipa bila shida mpaka figo za mkewe zilipogoma. Gharama za kusafisha damu zilimeza akiba, kisha pikapu ya kubebea alizeti, kisha marejesho yenyewe. Notisi ya mwisho alipoletewa kwenye biashara yake, alikuja kwangu, kwa kuwa naishi kwa kuandika, nimsaidie barua ya kuomba apunguziwe marejesho ili nyumba isipigwe mnada. Nikaanza na ugonjwa. Akanishika mkono. "Hapana, hilo toa." Nikamwambia benki haitamwelewa bila sababu. "Mke wangu anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani," akasema. "Akikuta nimeandika kwamba yeye ndiye anayetuponza, ataacha kwenda hospitali. Namjua. Andika biashara mbaya." Nikaandika biashara mbaya. Afisa wa mikopo, kijana mpole, aliisoma mbele yetu, akaikunja taratibu. "Mzee wangu, biashara ni mbaya kwa kila mtu. Nipe kitu cha kuwaonyesha wakubwa." Rafiki yangu akatazama sakafu. Tukaondoka.

Mkewe alikuja kujua kwamba nyumba iko hatarini siku dalali alipoingia uani kuipiga picha nyumba. Alinipigia mwenyewe: "Shemeji, njoo na kalamu." Nilimkuta mumewe kibarazani, kichwa amekiinamisha, na mama yule amekaa wima kwenye mkeka. Akanitajia kila kitu: ugonjwa ulianza lini, hospitali inachukua nini, wao wanaweza kuilipa benki kiasi gani kila mwezi bila kudanganyana. Mumewe alipotaka kumkatiza, akamwambia, "Niache niseme, baba watoto. Figo ni zangu." Akaambatanisha vyeti vya hospitali, akaenda benki kwa miguu yake, akishikilia ukuta. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: marejesho yamepunguzwa, muda umeongezwa. Nyumba ikabaki.

Nilipokwenda kumpa mkono wa pole baada ya mazishi, nilimwambia kwamba barua yake ndiyo iliyomwezesha marehemu kufa akiwa na kwake. Akatikisa kichwa. "Nyumba ingeuzwa tungepanga, shemeji. Lakini ile miezi yote alikuwa hazungumzi, anatoka kukaa uani peke yake, na mimi namtazama dirishani nikidhani amenichoka. Hiyo nani atanirudishia?"

Mji wetu unakua kwa mikopo, na nyuma ya mageti mengi mapya yuko mtu anayekunja karatasi haraka mwenzake akiingia. Anadhani anampa amani. Mwenzake hauoni upendo huo. Anaona ukimya tu, na anaupa maana yake mwenyewe, mara nyingi maana mbaya kuliko deni. Kwa hiyo kabla hujaiandikia benki, kaa na mtu wako umwambie. Benki inaweza kukuongezea muda. Ninyi wawili hakuna wa kuwaongezea.