Magogo ya Barafu Kwenye Bucha

Fundi Baridi, kama wanavyomwita pale chuoni, alikuwa ametengeneza majokofu ya soda, ya maziwa, hata ya maiti, na hakuna lililowahi kumkosesha usingizi. Usingizi ulianza kumpaa alipokabidhiwa chumba cha magogo ya barafu.

Magogo hayo, marefu na ya duara kama ya mti, yalichimbwa kwenye barafu ya mlima ambao sasa umebaki kipara. Mwanzoni alicheka mpaka mbavu zikamuuma: watu wazima, na shahada zao, wanalinda barafu! Daktari, mama mfupi anayeongoza maabara, alimwonyesha vipovu vilivyomo ndani. Kila kipovu ni hewa ya zamani iliyofungiwa na theluji ya mwaka wake, tabaka juu ya tabaka. Magogo yaliyotoka chini kabisa yana hewa ya kabla ya viwanda. Ukipanda juu, hewa ya ukaa inaongezeka, tena ina alama ya makaa ya mawe na mafuta tuliyochoma wenyewe, na joto linaifuata nyuma. Mzaha ukamwisha.

Mchana mmoja mashine ya kupoza chumba ilizimika. Jua lilikuwa kali kwa wiki nzima. Fundi aligusa kompresa, pampu inayosukuma gesi ya baridi, akauondoa mkono upesi. Mwaka uliopita yeye mwenyewe aliijengea kibanda cha mabati isinyeshewe, kama mafundi wote wanavyofanya. Mvua kweli haikuigusa. Joto ndilo lililoipika humo humo.

"Imeungua, Daktari. Na aliyeiunguza ni mimi, na kibanda changu."

Daktari hakupoteza muda kumlaumu. "Nyingine inapatikana lini?"

"Kesho, tukibahatika."

"Na chumba kitahimili mpaka kesho?"

"Hata jioni hakifiki."

Fundi akampigia shemeji yake mwenye bucha, kaka wa mkewe.

"Shem, nitolee nyama kwenye friza kubwa. Sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba dada yangu, umesahau?" Shemeji akasikia namna mwenzake anavyohema. "Nusu nakupa. Zaidi ya hapo wateja watanichinja mimi."

Nusu. Daktari alisimama katikati ya rafu, magogo ya kale ya chini kushoto, mapya ya juu kulia. Maji yalishaanza kutona sakafuni. Fundi aliona akichelewa kidogo tu hakutakuwa na cha kuchagua, akanyoosha mikono kulia.

"Tubebe haya mapya. Si ndimo moshi ulimo?"

"Moshi wa leo tunaupima kila siku juu ya paa. Hewa safi hatuipati tena popote, na bila hiyo hatuna cha kulinganisha. Beba ya zamani."

"Na haya?"

"Fundi, nakuomba ubebe."

Walibeba mbio, wakayapanga buchani pembeni ya mapaja ya ng'ombe, na Daktari akabaki kuyalinda. Fundi alirudi peke yake, roho mkononi, huenda hata gogo moja la kulia likaokolewa. Yote yalikuwa yamelegea. Alichuchumaa kwenye lililo karibu, akasoma kibandiko: mwaka aliozaliwa mama yake. Vipovu vilikuwa vinapasuka kimoja kimoja, kwa mlio mdogo kama wa chumvi motoni. Alitaka kuviziba kwa viganja. Hewa ya mwaka ule ilitoka, ikachanganyika na joto la mlangoni, na Fundi akajikuta ameshaivuta.