Keki ya Karoti Iliyogeuka Kijani Mbele ya Wakwe

Nianze na lililo baya kabisa ili mnicheke mara moja tuendelee: mimi, fundi saa wa Nyamirambo, mtu mzima mwenye miwani na heshima yake mtaani, nilisimama mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu nikakiri kwamba asubuhi ile nilikuwa jikoni, nimejifunga kitenge cha mke wangu, nakuna karoti.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Posa ya Zaina, mtoto wetu wa kwanza, ilikuwa imefika pale ambapo wazee wa upande wa kijana wanakuja kukaa kwenu, wanakula, wanatazama, kisha wanatoa jibu, na kila mtu alijua kwamba jibu lingetoka kwa mtu mmoja tu, shangazi yake kijana, Bi Mwajuma wa Kimisagara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye alikwisha kumkataa msichana mmoja kwa sababu ya chai (ilikuwa na moshi, alisema). Siku kama hiyo chakula chote kinahesabiwa kuwa ni mkono wa binti, hata kama kimepikwa na jirani. Nilijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa na ukurasa.

Ukurasa wenyewe ulitoka kwenye gazeti la Kifaransa ambalo mteja alifungia saa yake, na upande wa nyuma kulikuwa na maelezo ya kupika gato ya karoti, maana keki sisi tuliita gato. Mimi shule niliiacha mapema, na karibu yote ninayojua nimeyapata kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu, na sikuwahi kukutana na maelezo yaliyoandikwa vizuri nikashindwa kuyafuata. Halafu mboga ndani ya keki! Niliusoma ukurasa ule mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika.

"Baba Zaina, tupike maandazi," mke wangu alisema. "Maandazi tunayajua, na yenyewe yanatujua."

"Maandazi iko kila nyumba."

"Basi Baba, niipike mimi," Zaina alisema taratibu, "wewe unisomee tu."

"Hapana. Saa moja haifunguliwi na mafundi wawili."

(Nilisema hivyo kweli. Mke wangu hunikumbusha mpaka leo.)

Sasa, unga wa kuumulia keki ulikuwa unatoka Uganda, na tangu vita vifunge njia ya kaskazini haukuonekana dukani. Mtu mwenye akili angerudi kwenye maandazi. Mimi nikakaa nikafikiri kwa utaratibu: magadi tunayolainishia maharage hutoa povu, povu ni hewa, hewa ndiyo inayoinua keki, kwa hiyo magadi yanatosha. Nikatia kijiko kimoja. Kisha, kwa kuwa sikuwa na hakika na nguvu yake, nikaongeza kingine, na hicho cha pili ndicho kilichonimaliza.

Niliiweka sufuria juu ya imbabura, jiko letu la mkaa, nikafunika na kupanga makaa mengine juu ya mfuniko, moto chini na moto juu. Baada ya muda mfuniko ukaanza kuinuka wenyewe, pamoja na makaa yake, polepole, kama mtu anayeamka usingizini bila haraka. Nimefungua saa nyingi maishani, lakini sikuwahi kuona kitu nilichokichanganya kwa mkono wangu kikiamua kuinuka. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akatazama keki, akatazama kitenge chake kiunoni mwangu, akarudi ndani.

Ilitoka ya kahawia, nzuri, inanukia mdalasini.

"Onja basi," mke wangu alisema.

Hapo ndipo nilipofungwa mikono. Keki ya wageni haiendi mezani imemegwa, ni kama kuwapa makombo. Na kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, wajue hakuna kibaya alichowawekea. Kwa hiyo mimi, nisiyemrudishia mteja saa bila kuisikiliza kwanza, ningeionja keki yangu kwa mara ya kwanza mbele ya Bi Mwajuma.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, Bi Mwajuma na kaka yake Mzee Sefu, na wanawake wawili wa upande wao. Na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kufundisha, kwamba ndani ya gato hii mtaona karoti, rangi ya chungwa, kama nakshi kwenye kitambaa. Nikashika kisu, nikakata, nikafungua kipande.

Karoti zilikuwa kijani. Kijani kibichi, cha nyasi baada ya mvua, kila kipande, juu mpaka chini.

"Subhanallah," Mzee Sefu alisema, akavuta kiti karibu. "Fundi, karoti hizi mlizing'oa kabla hazijaiva?"

"Mimi naona sombe," Bi Mwajuma alisema, maana kisamvu sisi tuliita sombe. "Hii gato iko na sombe ndani."

Ningepaswa kuona aibu, lakini aibu ilichelewa, kwa sababu nilikuwa bado nashangaa. Karoti zile nilizikuna mwenyewe, za rangi ya chungwa, mpaka vidole vikabadilika rangi! Bila kufikiri nilitoa mfukoni kioo changu cha kukuzia, kile cha kubana jichoni, nikainama juu ya sahani kuchunguza, mbele ya wakwe.

"Baba Zaina," mke wangu alinong'ona, "onja."

Nikaonja. Ilikuwa sabuni, sabuni yenye mdalasini. Nilimeza, machozi yakanitoka, nikasema alhamdulillahi.

"Nani amepika?" Bi Mwajuma aliuliza.

Zaina alikuwa amepiga magoti anamimina chai. Nilitafuta maneno, na nawaambia ukweli, kwa pumzi moja nilitafuta maneno ambamo mimi simo.

"Ni mimi, shangazi," Zaina alisema.

Alisema haraka, bila kuinua macho, na habari ya yule msichana wa chai aliijua kuliko sisi sote. Nikasimama.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilimfukuza jikoni. Nilivaa na kitenge."

Mzee Sefu alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi na kitenge! Cha maua?"

"Cha kuku," mke wangu alijibu.

Bi Mwajuma hakucheka. Alimega kipande, akatafuna, akameza (akameza kweli), kisha akamgeukia Zaina.

"Ulijua iko hivi?"

"Sikujua, shangazi."

"Na bado ukasema ni wewe."

"Ni baba yangu."

Bi Mwajuma akachukua kikombe. "Na chai? Hii nayo ya baba?"

"Hapana. Hii ni yangu."

Alikunywa polepole, na sebule nzima ilikuwa inasikiliza koo lake. Alimaliza. Akatazama ndani ya kikombe kitupu, akakinyoosha.

"Niongezee, mwanangu."

Mke wangu alianza kulia hapo hapo.

Keki ya harusi tulinunua, na nilikatazwa hata kupita karibu na imbabura. Mtaani niliitwa Baba Gato. Baadaye nililoweka karoti kwenye magadi dukani kwangu (sikuweza kujizuia) nikaanza kuelewa kwamba ule ukijani ulitoka kwenye magadi yenyewe. Nimeapa kutopika tena, na kiapo hicho nimekishika. Ila lile neno la Zaina, "ni mimi", lililotoka haraka kuliko langu, nimelitazama kila upande kama saa miaka yote hii, na mpaka leo sijaona ndani yake kuna nini.