Asumini Asoma Barua Redioni

Madereva walisema Asumini akiwa mtaa wa Himbi, Goma, kwa sauti yake anaweza kumwamsha mtu wa mtaa wa mbali wa Katoyi bila msaada wa redio. Lakini redio ndiyo ilikuwa kazi yake. Kutwa alikaa katika chumba kidogo cha biro, ofisi ya shirika la misaada, kipaza sauti mkononi, akiuliza kila lori la maji limefika wapi. Mwaka ule wa 2008 vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Rutshuru mpaka mlangoni mwa Goma, na malori tisa ya shirika yaliwapelekea maji kambini Kibati.

Mkuu wake, Papa Donat wa Butembo, alikuwa mtu mpole, kola safi daima, aliyeamini kwamba neno si neno mpaka lipigwe muhuri. Kila jambo aliliandika kwa Kifaransa, akalibandika ukutani. Madereva walipita hapo wakienda kunywa chai, hawageuzi hata shingo. Habari za biro walizipata sokoni Birere, kwa wauza mandazi.

Jumatatu moja Asumini aliita lori la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Akachungulia dirishani: malori yote yamesimama uani, milango wazi, na madereva wamekaa juu ya mawe meusi ya volkano, mikono kifuani.

"Papa Jumaine, kuna nini?" alimuuliza dereva mkongwe.

"Si banatufukuza? Ukutani kuna majina yetu yote. Birere muzima banajua!"

Asumini akaenda kusoma. Barua ilisema wakimbizi wanahamishwa kutoka Kibati kwenda Mugunga, na madereva watahamia huko pamoja nao. Basi. Hakuna aliyefukuzwa. Neno moja refu la Kifaransa, lenye maana ya kuhamishwa kituo tu, lilikuwa limewatisha wanaume tisa wazima, na kambini ndoo zilikuwa zinangoja.

Akaibandua barua, akarudi redioni ili madereva waisikie kwenye redio za malori, na hata wenzao wanaolinda matanki ya maji kambini. Akaisoma yote kwa Kiswahili, polepole, na lile neno refu akalieleza mara mbili.

Papa Donat akatokea mlangoni. "Mama Asumini! Nani alikuruhusu kubandua barua ya biro?"

Asumini akamnyooshea kipaza sauti. "Papa, kusoma nimesoma. Kujibu siwezi. Banakungoja."

Sauti ya Jumaine ikaingia redioni kutoka lori lake uani. "Chef, juzi tulipeleka maji Sake, barabara ikafungwa, tukakwama huko siku mbili. Biro ilijua tuko wazima. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikuwa ameshaanza matanga. Nani alimuambia?"

Papa Donat alikishika kile kipaza sauti kama mtu aliyepewa kuku hai kanisani. Akakisogeza mdomoni.

"Hakuna," akasema. "Hakuna aliyemuambia. Munisamehe, muzee."

Dakika kumi baadaye injini zilikuwa zinanguruma.

Asumini alipewa barua ya onyo, yenye muhuri, akaikunja na kuitia mkobani. Lakini kesho yake saa moja na nusu Papa Donat alishuka uani bila karatasi, akawaeleza madereva safari za siku hiyo kwa Kiswahili chenye Kinande, lugha ya kwao, ndani yake, kisha akawaacha waulize. Ikawa desturi. Asumini naye akakusanya namba za simu za nyumba zote tisa, na pale pasipo na simu akaandika ya jirani.

Krismasi ilipokaribia, barabara ya Sake ikafungwa tena, malori yakiwa huko. Kabla ya adhuhuri Asumini alikuwa ameshapigia simu nyumba zote: wako salama, wanangoja njia.

Siku mbili baadaye Mama Alima, bibi ya Jumaine, alifika bironi na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani. Akakaribishwa kiti, wakala, akabaki kusikiliza malori yakiitwa.

"Lori la tano, uko wapi?"

"Njia imefunguliwa, niko nafika Mugunga," akajibu Jumaine.

Alima akainamia kipaza sauti, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Idrissa, usisahau makala ya kupikia!"

Malori manane yakajibu kwa mpigo: "Hatasahau, mama!"