Mafuta ya Bastola ya Baba

Leo nimenusa bastola ya mtu, akanishangaa!

Jirani yangu hapa Bukoto, polisi mstaafu, alikuwa ananionyesha bastola yake ya zamani. Nikaipeleka puani. Hainuki simsim hata kidogo.

Ngoja niwaeleze, halafu mseme kama nimekosea.

Miaka ya sabini, wakati wa serikali ya jeshi, baba alikuwa na bastola yake, na kibali anacho. Kila Ijumaa akitoka msikitini anaifungua mkekani, anaifuta kipande kwa kipande. Mafuta ya silaha hayapatikani, basi anachukua mafuta ya ufuta, simsim ya mama ya kupikia. (Mama ananuna, lakini wapi!)

Ijumaa moja wanajeshi wakaingia kufanya msako. Bastola iko wazi mkekani. Siku zile kibali si kitu. Nikajua baba anaondoka.

Afande wao akainama. Akaiacha bastola, akashika chupa ya simsim.

"Mzee, mafuta hii umetoa wapi? Mjini hakuna!"

"Ya kusafishia bastola, afande."

Akaonja kwa kidole. Akafumba macho.

Akaenda zake na chupa.

Baba anamshukuru Mungu, machozi yanamtoka. Mama anamtazama tu:

"Haya. Sasa mboga niiunge kwa baruti?"