Bibi Alipoingia Bwawani na Jani la Isale

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiiwaza nacheka peke yangu. Ni siku ya mashindano ya makasia. Najua unashangaa, maana sisi watu wa mlimani maji tunayoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia migomba. Lakini vyuo viwili vya pale Moshi vilikuwa vinashindana kila mwaka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa mitumbwi ya kuazima kwa wavuvi, na hakuna jambo walilolipenda wanafunzi kuliko hilo.

Mimi nilisoma chuo kimoja, mdogo wangu Elinami akasoma kile kingine. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyeongoza mtumbwi wao. Karibu na bendera ya mwisho akaukatiza mbele yetu, kasia langu likavunjika, wakashinda. Mwamuzi hakuona. Mimi niliona, na Elinami alijua kwamba nimeona. Nilichotaka kwake ni neno moja tu la samahani, na hakulisema. Krismasi tulipopanda wote nyumbani Mwika, tulikula nyama ya mbuzi mmoja kila mtu ameangalia upande wake, mama akawa na kazi ya kutuhamishia chumvi. Nikajiapiza kwamba mashindano yajayo nitamshinda, na baada ya hapo sina mdogo.

Siku ikafika, tukashuka bwawani na malori. Tulivaa jezi tulizochagua kwenye mitumba ya Kiboriloni, maana ndiyo miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagika. Washabiki wakatukanana kwa nyimbo kama kawaida yao. Mitumbwi ikapangwa, mwamuzi akaweka filimbi mdomoni. Hapo ndipo nilipomwona bibi yetu, mama yake baba, anaingia majini na kitenge chake, mkono juu, ameshika jani la isale.

Ninyi mliokulia mjini mnaona isale ni mmea wa mpakani tu. Kwetu, anayekuletea jani lake amekuja kuomba amani, na likishainuliwa kati ya watu wanaogombana hakuna mwenye ubavu wa kulipita. Bibi alikuwa amesikia kwamba wajukuu zake wanakwenda kukutana bwawani, kila mmoja na kundi lake la vijana wenye miti mikononi. Akajua ni vita. Akashuka mjini, akadandia lori la washabiki, akaja kuamua ugomvi.

Mwamuzi, mwalimu mmoja mtu wa Tabora, akapuliza filimbi. Hakuna kasia lililogusa maji. Akapuliza tena. Vijana wote wa Kichaga wanamtazama bibi aliyelowa hadi magotini.

“Shikamoo, bibi,” nikasema kwa aibu. “Huu ni mchezo tu.”

“Marahaba. Mchezo gani huo wa kuwanyima ndugu salamu Krismasi nzima?” Akamgeukia Elinami. “Wewe, njoo uchukue hili. Mpelekee mkubwa wako.”

Elinami akashuka, akaja akipapasa chini kwa miguu, maana hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Alikuwa anatetemeka. “Kaka,” akasema, “nilikuvunjia kasia. Mwaka mzima nimeshindwa kukuambia.”

Nahodha wetu akaninong'oneza nisipokee kwanza. Nikipokea, hasira itaniisha, na hasira yangu ndiyo waliyoitegemea. Nikamtazama Elinami, nikamwona yule mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni kuvuka mfereji. Nikalipokea jani. Nililia, mwanangu, mbele ya vyuo viwili, na sioni haya kukuambia.

Nahodha hakukosea, kwa sababu tulishindwa vibaya kuliko mwaka uliotangulia. Hakunisemesha mpaka tumefika Moshi. Bibi yeye alishangilia mitumbwi yote miwili, na aliamini mpaka anakufa kwamba alizuia watu kuuana.

Sasa nisikilize. Ukimkosea mtu wako, nenda ukamwambie ukiwa bado unatetemeka, usingoje mpaka uzoee kukaa kimya. Na ukikosewa wewe, usimpangie mwenzako namna ya kuja. Mimi nilitaka Elinami aje kwa hiari yake, bila kusukumwa na mtu, na ningengoja hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Akija amesukumwa na bibi, amekuja. Pokea.

Kihamba changu, shamba la migomba nililorithi, na chake vinapakana, na mpakani tumepanda isale. Kila asubuhi Elinami husimama pale na kikombe chake cha chai, huniuliza kama nimeamka salama, kisha hunikumbusha nani alishinda.

Mungu akupe ndugu wa kukuudhi hivyo mpaka uzeeni, mwanangu, na siku mtakaponuniana asiwakoseshe mtu wa kuingia majini kwa ajili yenu.